Juma la Kuhitimu

Wasomaji wa gazeti hili wengi ni walimu au wazazi, na sidhani kama yuko hata mmoja kati yao asiyeijua furaha ya kijana aliyemaliza masomo yake. Siku ya mahafali imekwisha simuliwa sana: joho, kofia, hotuba za wakubwa, picha na maua. Lakini juma linalofuata, kijana akiisha kulivua joho na kurudi kwao, halina mwandishi. Leo nataka kulieleza juma hilo, lilivyokuwa zamani na lilivyo sasa, hasa katika nchi hii ya Masasi nifundishapo. Nafanya hivyo kwa sababu nimeona kwamba katika siku hizo saba mambo mengi ya nyumbani hutengenea, au huharibika.

Kwanza na tuyatazame maneno yenyewe, maana maneno ni kama vyungu vya kale. Ukivipangusa utaona alama za vidole vya waliovifinyanga. Neno "kuhitimu" tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kutia muhuri, au kufikisha jambo mwisho wake. Katika miji ya pwani mtoto aliyehitimu alikuwa yule aliyeisoma Kurani yote, tangu mwanzo hata mwisho. "Mahafali" nayo asili yake ni makutano, yaani mahali watu wanapokusanyika. Na "shahada" maana yake ni ushuhuda. Yaweke pamoja maneno haya matatu, uone yanavyosema. Kumaliza ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe; lakini makutano hayawi ya mtu mmoja, na ushuhuda wataka shahidi. Basi ndani ya lugha yetu imo fikira hii, kwamba hapana ahitimuye peke yake.

Wazee wa pwani waliishika fikira hiyo kwa matendo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ameandika habari za watoto na vyuo vyao katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa mwaka 1903. Mtoto alipelekwa chuoni angali mdogo, akaandika juu ya ubao, akafuta, akaandika tena, miaka na miaka. Alipohitimu, furaha haikubaki chuoni. Mwalimu alipewa ada yake, wenzake walimsindikiza, na wazazi walipika chakula wakawaita majirani. Mtoto alirudi nyumbani yule yule, lakini tangu siku hiyo mama yake aliweza kumwita amsomee. Elimu iliyokuwa ya chuo ikawa ya nyumba.

Huku kwetu bara ya kusini, katika nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, kabla ya shule za vitabu ilikuwako shule ya porini, yaani jando la wavulana, na unyago wa wasichana. Kuingia kwake kulikuwa kwa machozi, lakini kutoka kwake kulikuwa sikukuu ya kijiji kizima. Kibanda walimokaa vijana kilitiwa moto. Waliogeshwa, wakapakwa mafuta, wakavikwa nguo mpya na kupewa majina mapya. Kisha waliletwa kijijini wamefunikwa vichwa, wakaketi kimya macho yakitazama chini, huku mama zao wakipiga vigelegele na jamaa wakipita mbele yao mmoja mmoja kuweka zawadi. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakuitupa desturi hii. Yeye pamoja na mapadre Waafrika waliitengeneza ipate kufuatana na imani ya Kikristo, kwa sababu waliona kwamba kijana asiyepokewa na watu wake hajawa mtu mzima, hata akijua kusoma namna gani.

Sasa msomaji ataniuliza, "Je, ikiwa kijana hana watu wa kumpokea?" Swali hili si la kubuni. Nchi yetu ya Masasi ilijibu swali hili hili ilipoanza kuwa kituo cha misheni.

Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja pamoja na wenzake wa Universities' Mission, na Sultani Majid akampa wavulana watano waliokuwa wametekwa kuwa watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule iliyokuja kuitwa Kiungani, nje ya mji wa Unguja. Baada yao walikuja wengine wengi, waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza. Walijifunza kusoma, kuandika na kazi za mikono, na wengine wakawa walimu. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe: jinsi walivyotekwa, njia walizopitishwa, mabwana waliowauza na kuwanunua. Walikuwa watoto waliokumbuka kwao, nao hawakuwa na njia ya kurudi huko.

Fikiri basi juu ya kijana wa namna hiyo siku ya kumaliza masomo. Mwalimu wake amemsifu, naye ana kitabu chake mkononi. Lakini jua likishuka, atakwenda kwa nani? Nani atapiga kigelegele? Nani atasema, "Huyu ni mtoto wa fulani, amefanana na babu yake"? Alikuwa amehitimu kweli kweli, lakini mahafali yake yalipungukiwa na watu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yeye aliyeandika sarufi na hadithi za Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake. Walikusudia kufika upande wa Nyasa, nchi walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya milima yake ya mawe, waliona pana maji na ardhi njema, wakakaa. Wakajenga nyumba, wakalima, wakaoana. Kwa hiyo Masasi ya misheni ilianza kuwa kwao kwa watu waliokuwa wamenyang'anywa kwao. Hata waliposhambuliwa na Magwangwara mwaka 1882, wakauawa baadhi yao na wengine kutekwa tena, kazi haikufa.

Mmoja wa wanafunzi wa Kiungani, Cecil Majaliwa, alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Alisoma Unguja, akasoma na Uingereza, kisha akaletwa kufanya kazi Chitangali, katika nchi hii ya kusini, kati ya watu wa lugha yake. Mwaka 1890 alipewa upadre, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni hiyo. Sina la kusema zaidi ya hili: mtu aliyetolewa kwao kwa kamba alirudi kwa watu wake na kitabu. Kama si nyumba ya mama yake aliyoirudia, basi ni lugha ya mama yake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili sisi tulio na mama, na bibi, na wajomba, tujue tulichopewa.

Mfano mwingine ni wa mtu ambaye kila msomaji amjua. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Musoma, Tabora na Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akapata shahada yake mwaka 1952. Mwaka huo huo mwezi wa Oktoba alirejea Tanganyika. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1942, asiione siku hiyo; mama yake, Mgaya, alikuwa hai. Wakati ule Waafrika wa Tanganyika wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Je, msomi huyu alifanya nini alipofika kwao? Alijenga nyumba Butiama kwa mikono yake mwenyewe, na watu walistaajabu kumwona mtu wa elimu ya Ulaya akishika udongo. Mwezi wa Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel. Ndipo alipokwenda Pugu kufundisha. Tazama taratibu hiyo: kwanza nyumbani, kisha ndoa, kisha kazi. Mambo makubwa ya nchi yalikuja baadaye. Aliyekuwa na haraka ya kudai uhuru hakuwa na haraka ya kuwapita watu wake.

Siku hizo wahitimu walikuwa wachache. Makerere ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, na wanafunzi wake wa kwanza kupata shahada za London walizipokea mwaka 1953. Dar es Salaam chuo kikuu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano. Leo vyuo ni vingi, na kila mwaka wahitimu ni maelfu kwa maelfu. Zamani kazi ilimngojea mhitimu. Leo mhitimu aingojea kazi. Badiliko hili limeigusa nyumba, na limeligusa hasa lile juma ninalolisema. Niruhusuni niwasimulie juma moja nililoliona kwa macho yangu, la binti wa jirani yetu. Jina lake silitaji, kwa kuwa angali kijana.

Alihitimu elimu ya hesabu za fedha katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, msimu wa korosho. Alipanda basi alfajiri, akafika jioni. Wazee wakumbuka jinsi abiria wa kusini walivyokuwa wakiungoja Mto Rufiji kwa pantoni, na mvua zikizidi walilala njiani. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ile ya zaidi ya kilomita 500 yaweza kumalizika kwa siku moja. Mama yake na mashangazi walitandika khanga chini kutoka barabarani hata mlangoni, naye akapita juu yake huku akilia na kucheka pamoja. Bibi yake akauliza, "Li wapi vazi lenyewe?" Akaambiwa kwamba joho lilikuwa la kuazima, limekwisha rudishwa. Bibi akasikitika kidogo. Ndipo binti akamwonyesha cheti. Bibi hajui kusoma, lakini jina la mjukuu ni jina lake yeye, maana mtoto alipewa jina la bibi yake. Akaomba aonyeshwe mahali lilipo, akapitisha kidole juu ya herufi polepole mara mbili, kisha akasema, "Kumbe ndivyo nilivyo."

Siku ya pili binti aliamka kabla ya jua, akaenda shambani na mama yake kuokota korosho. Mikono yake ilikuwa imesahau kazi, na wadogo zake wakamcheka kwa kuachwa nyuma. Hata alipofika upande wa mtoni aliona watoto wa mtu mwingine wakiokota chini ya mikorosho kumi na miwili aliyoijua kuwa ya marehemu baba yake. Akamtazama mama yake. Mama akasema, "Hiyo ilikwenda shule pamoja nawe." Ilikuwa imewekwa rehani mwaka wake wa pili chuoni, ada ilipopunguka, na hakuna aliyemwandikia habari hiyo asije akaacha masomo. Binti hakusema neno. Aliendelea kuokota hata debe likajaa.

Siku ya tatu walikwenda kulisafisha kaburi la baba yake. Alasiri watoto wakamchukua porini kuchimba ming'oko, wakaichemsha, wakala wamekaa chini na kupigana hadithi hata usiku. Mama yake aliniambia kwamba katika miaka yote minne hakuwa amelala usingizi mzuri kama usiku ule, kwa kusikia sauti ya binti yake chumba cha pili.

Siku ya nne mjomba wake aliita ukoo. Wasomaji wa nchi nyingine wajue kwamba huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alikuja na daftari. Humo yalikuwamo majina ya wote waliochanga tangu kidato cha kwanza, huyu shilingi elfu tano, huyu gunia la mbaazi, huyu kuku wawili. Aliyasoma yote kwa sauti, na kwa kweli lilikuwa jambo la heshima, hapana aliyesahauliwa. Lakini alipomaliza aliendelea, "Mjomba wangu, umesikia. Basi wanangu wawili nitakuletea mjini mwezi wa kwanza uwasomeshe, na paa la bibi yako lataka mabati." Binti aliinama. Alikuwa hana kazi, wala ahadi ya kazi, na mkopo wa serikali aliosomea nao ulikuwa ukimngoja pia. Niliona machozi yakidondoka juu ya khanga yake, na furaha yote ya siku tatu ikitaka kumwagika kama maji ya mtungi uliopasuka.

Ndipo bibi aliposema kutoka mahali alipokaa, pasipo kuinua sauti, "Mwanangu, wewe ulitoka jandoni katika nyumba hii. Siku ile nilikudai nini?" Mjomba akanyamaza. Bibi akasema tena, "Mwari akitoka ndani, hatumtwishi mtungi siku hiyo hiyo. Twampaka mafuta, twamtazama, twashiba kumtazama. Mtungi haukimbii, utamkuta kesho. Lifunge daftari, tule." Mjomba alilifunga. Yeye si mtu mbaya. Alikuwa amebeba mzigo kwa miaka mingi na alitaka kuutua.

Jumapili tulikwenda kanisani kutoa shukrani. Majirani Waislamu hawakuingia ibadani, lakini wao ndio waliochinja mbuzi na kusimamia sufuria za pilau, ili wote wapate kula sahani moja. Siku ya saba, asubuhi, binti mwenyewe alikwenda kwa mjomba wake akamwomba lile daftari. Akaketi barazani akalinakili lote kwa mwandiko wake, jina kwa jina, kuku kwa kuku. Hakuahidi tarehe. Alisema tu, "Mjomba, nitaanza na mikorosho." Mjomba akajibu, "Haya mama, anza na mikorosho." Hapakuwa na hotuba nyingine.

Nimetafakari sana tofauti ya siku ya nne na siku ya saba. Deni lilikuwa lile lile, na daftari lile lile. Lakini siku ya nne alidaiwa, na siku ya saba alilipokea mwenyewe. Zile siku za katikati hazikupunguza hata senti moja, ila zilimpa nafasi ya kuwa mtoto wa nyumba ile kabla ya kuwa mdaiwa wake. Nami nawajua vijana wengine waliohitimu ambao hawakurudi kwao kabisa. Hukaa mjini wakizungusha barua za kuomba kazi, wakikwepa simu za nyumbani, kwa kuwa wanaona haya kufika mikono mitupu. Wanadhani kwamba wanangojewa na daftari, na mara nyingine ni kweli. Hao wanafanana na wale wavulana wa Kiungani kwa jambo moja tu, kwamba wamehitimu pasipo mtu wa kuwapokea. Lakini hao wa zamani walinyang'anywa kwao kwa nguvu, na hawa wa leo twawafungia mlango sisi wenyewe kwa madai yetu.

Kwa hiyo nawasihi wazazi, na walezi, na wajomba. Gharama mlizotoa twazijua, na haki yenu hapana aikataaye. Lakini mpeni mtoto juma lake. Apikiwe, asindikizwe makaburini na mashambani, asikie jina lake likiitwa na wale waliompa jina. Nanyi vijana, msingoje mpate mshahara ndipo mje. Njooni na cheti, na kama hakijatoka, njooni na habari yake. Okoteni korosho, jengeni ukuta ulioanguka, someni kwa sauti ili bibi asikie. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, na hawakusema kwamba lazima kwanza awe na ngoma ya fedha.

Hata leo niandikapo, binti yule hajapata kazi aliyoisomea. Msimu uliofuata chama cha ushirika kilimwajiri kuwa karani wa mizani, na kwa ujira wake ameikomboa mikorosho mitatu. Imebaki tisa. Jioni humkuta bibi yake barazani, naye bibi amekwisha kujifunza kuandika jina lake. Huliandika kwa kijiti mchangani, na mjukuu husimama kuwa shahidi.